Uongo Uliomshinda Kaka Yangu

Nilimtuma kaka yangu chumvi, akarudi na vitunguu. Nikamrudisha dukani, akaniletea kiberiti. Mara ya tatu nilimfuata mwenyewe, nikamkuta amekaa kwenye benchi la duka anawachekesha watu, na mwenye duka akaniuliza, "Dada, huyu tumpe chumvi au tumpe nyumba kabisa?" Nilikuwa na njaa, mboga iko jikoni haina ladha, na mimi hasira zangu hazikai mbali. Nilimsema njia nzima kutoka dukani mpaka nyumbani. Alinisikiliza kwa adabu zote, na tulipofika mlangoni akauliza, "Hivi tulikuwa tunatoka wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaangalia mikononi. Chumvi nilikuwa nimeiacha kule kule kwenye benchi.

Hiyo ilikuwa Uyole, Mbeya, miaka ya sabini, nilipokuwa nafanya kazi kwenye mashamba ya utafiti wa mbegu. Nilikuwa na chumba na jiko la nje, bustani ya kabichi, na baridi ya Juni ambayo mtu wa Iringa kama mimi nilidhani naijua, kumbe sikuwa naijua. Kaka alinitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu ugonjwa ulipomwanza. Kwanza alikosa usingizi. Kisha akawa anasikia anaitwa wakati hakuna aliyemwita. Kisha siku moja akavaa viatu vya mwenzake, akatoka mpaka barabara kuu, akawa anasimamisha malori ili awaulize madereva kwa nini wanamsema redioni. Wakamleta nyumbani kwetu Kalenga amefungwa mikono kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe. Baba akampeleka kwa waganga wa kienyeji, mama akampeleka kwenye maombi, na kila mmoja akawa anamlaumu mwenzake kwamba anaharibu dawa yake. Mimi nikawaambia basi, aje kwangu Mbeya, kule kuna hospitali.

Vidonge vilimsaidia. Sauti zikapungua, usingizi ukarudi, na mzaha wake ukarudi wote. Kumbukumbu ndiyo iliyokataa kurudi. Ya zamani alikuwa nayo yote, majina ya ng'ombe wa babu, nani alimwaga uji wa nani darasa la pili, hata siku niliyoanguka mtoni nikasingizia nimesukumwa. Ya leo ndiyo hayakukaa. Ukimpa maneno matatu ayashike, unarudi unakuta limebaki moja, na hilo moja silo.

Sasa, kazi yangu pale shambani ndiyo iliyoniharibu akili. Tulikuwa tunapandisha mahindi. Unavika mbelewele za mhindi huu, yaani ua dume la kileleni, mfuko wa karatasi, unavika nywele za mhindi ule mfuko wake, asubuhi umande ukikauka unakung'uta chavua, unakwenda kumwagia pale unapopataka wewe, siyo upepo unapopataka. Halafu unaandika kwenye mfuko: mama fulani, baba fulani. Mtaalamu wetu, mzee mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipenda kutufundisha. Siku moja alitumenyea mahindi mawili mezani. Akasema ukipandisha ya njano na meupe, watoto wote wanatoka wa njano, unadhani weupe umekufa. Hao watoto ukiwapandisha wao kwa wao, weupe unarudi kwa wajukuu. "Ulikuwa umejificha tu," akasema, na akafurahi kana kwamba yeye ndiye aliyeuficha.

Wenzangu waliendelea kutania. Mimi nilimkumbuka shangazi yake baba. Yule bibi alikufa mimi mdogo. Watu wa Kalenga walisema alikuwa anaongea na mto, na kwamba ujana wake aliwahi kusahau hata jina la mwanaye. Baba yetu alikuwa mzima, babu alikuwa mzima. Halafu akazaliwa kaka. Nikayatazama yale mahindi meupe pale mezani.

Siku ya kwenda kuchukua vidonge nilimuuliza nesi. Alikuwa mwanamume mtu mzima, Msafwa, mwenye sauti ya kwaya ya kanisani, na alituzoea. Nikamuuliza bila kuzunguka: ugonjwa huu uko kwenye damu?

"Kwenye damu upo," akasema. "Nimewaona wa nyumba moja, mjomba na mpwa. Na huo usahaulifu nao unatembea kwenye ukoo. Nimewaona hata ndugu zao wazima, hawana ugonjwa wowote, lakini ukiwapa ujumbe hawaufikishi. Lakini sikiliza, binti, watu siyo mahindi..."

Hapo mimi nilikuwa nimeshaacha kusikia. Nilikuwa nawaza chumvi kwenye benchi.

Kuanzia siku hiyo nilijigeuza askari wa kichwa changu mwenyewe. Asubuhi kabla sijaamka nilijihesabia: jana nilikula nini, nilikutana na nani, nani alisema nini. Nikikosa moja, siku nzima imeharibika. Kaka aliniona nasema peke yangu kitandani akaniambia kwa huruma, "Dada, na wewe umeanza? Vidonge viko pale kwenye kopo, chukua." Nilimrushia kandambili. Yeye akaona ni mchezo, akanirudishia.

Na balaa halikukawia. Msimu ule wa kupandisha nilivika mifuko mstari mzima, nikamwagia chavua mstari mzima, nikaenda zangu kunywa chai, na sikuandika hata mfuko mmoja. Mtaalamu alipita na daftari lake, akafunua mfuko wa kwanza, wa pili, wa kumi. Akavua miwani. "Mama," akaniambia, "umenizalia mstari mzima wa watoto wasio na baba." Wenzangu walicheka wiki nzima, wakawa wananiuliza kama na mimi baba yangu ameandikwa mahali. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nililia mpaka kaka akanipikia ugali, akaniletea bila mboga, kwa sababu mboga aliisahau.

Wakati huo huo alikuwepo mtu. Dereva wa lori la mbolea, mwenyeji wa Kihesa pale Iringa mjini, mrefu, mpole, aliyekula chakula changu bila kusema neno mpaka sahani iishe, halafu akasema, "Kimekaa vizuri." Kaka alimpenda sana, na kila alipokuja alimpokea kama mgeni mpya, wanajulishana upya, wanashikana mikono. Yule bwana hakuchoka hata siku moja. Kila safari alitaja jina lake na kwao, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Mwanamke anahitaji kuona nini zaidi ya hapo? Nilimpenda, nasema wazi, nilimpenda mpaka nikaanza kuchana nywele siku za lori.

Aliponiambia anataka kutuma watu kwetu, akaongeza jambo moja, maana hakuwa mtu wa kudanganya. "Mimi kaka yako namjua. Lakini shangazi yangu ndiye aliyenilea, na yeye ndiye atakayekuja kuuliza. Akikataa, sitamruka."

Kwetu Uhehe posa ni maulizo. Kila ukoo una salamu yake na una mwiko wake, yaani kitu ambacho hamli. Mkikuta salamu ni moja na mwiko ni mmoja, nyie ni ndugu, mnakunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mnaagana. Hilo likipita wanauliza magonjwa: kifafa, ukoma, na kichaa. Jibu la hapo linaozesha au linarudisha mtu kwenye kabichi zake Uyole. Nami nilijua kilichoko nyumbani kwetu. Shangazi yake baba, kaka yangu, na mimi mwenyewe na mstari wangu wa mahindi yasiyo na baba.

Nilichukua likizo ya siku chache, tukapanda basi na kaka mpaka Iringa, tukafika Kalenga jioni. Mama alikuwa ameshapanga kila kitu. Kaka atakwenda asubuhi kwa baba mdogo ng'ambo ya mto, akapalilie huko mpaka jua lizame. Wageni wakimuulizia, wote jibu ni moja: kijana yuko chuoni, anasoma ualimu. Mama alitukalisha jikoni kama watoto wa shule.

"Kijana yuko wapi?"

"Yuko chuoni, anasoma ualimu," tukajibu, baba na mimi, na kaka naye akajibu kwa sauti kuliko sisi wote.

"Wewe usijibu," mama akamwambia. "Wewe ndiye uliyeko chuoni."

"Sawa, mama," kaka akasema. "Chuo gani?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Niliona aibu. Kaka yangu aliyenibeba mgongoni kuvuka ule mto sasa anavushwa ng'ambo afichwe kwa ajili ya ndoa yangu, na mimi nimekubali. Ningeweza kusema hapana. Sikusema, kwa sababu nilimtaka yule bwana. Ndiyo ukweli wenyewe.

Asubuhi mama alimpa kaka jembe na kiporo, akamrudia mara tatu: usirudi mpaka jua lizame. Akaenda anapiga mluzi. Saa nne shangazi wa yule bwana akaingia. Mwanamke mnene wa kimo cha kati, khanga mbili, kilemba kimekaza, anatembea polepole kama mwenye shamba. Baba akampa kiti. Mama akaleta ulanzi mtamu, uliogemwa asubuhi ile, na shangazi akaunywa kwa heshima ya mtu anayejua ulanzi. Mimi nilikaa kwenye mkeka na macho chini kama inavyotakiwa, masikio yako juu.

Tukaamkiana sana, tukamaliza habari za mvua na za mahindi. Kisha akaweka kibuyu chini.

"Sasa, baba, tuanze mwanzo. Mwiko wenu ni nini?"

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache na mkweli kupita kiasi. Usiku mzima alikuwa amebeba lile jibu moja kichwani kama mtu aliyebeba yai. Aliposikia swali, yai likamtoka.

"Yuko chuoni," akasema. "Anasoma ualimu."

Mama akatazama paa.

"Mwiko wenu unasoma ualimu?" shangazi akauliza, taratibu.

Baba akatoa jasho. Mwiko wa ukoo wake, ambao ameushika tangu ameachishwa ziwa, ulikuwa umemtoka wote. Hata salamu ilimtoka. Mimi nilikuwa naujua, ila mwanamke haruhusiwi kuusema mbele ya baba yake.

Ndipo kaka akatokea mlangoni na jembe lake. Alikuwa amefika mtoni, akasahau anakwenda wapi, akaona busara ni kurudi nyumbani kuuliza. Alisimamisha jembe ukutani, akapiga goti moja, akamwamkia shangazi, "Kamwene." Akaketi chini karibu na baba. Akamwona baba anahangaika.

"Shangazi anauliza mwiko, baba?" akasema kwa upole. "Moyo. Hatuli moyo, uwe wa kuku, uwe wa ng'ombe." Akataja na salamu yetu. Kisha akapanda ukoo, baba yake babu, na baba wa huyo, na walioa wapi, na ni babu gani aliyeugua baada ya kula moyo wa kondoo akaapiza uzao wake wote. Alikwenda vizazi saba bila kukwama, na mikono ameikunja mapajani kama alivyofundishwa na babu. Sijawahi kusikia mtu akisema vizuri hivyo. Baba alikuwa anaitikia kila jina, machozi yanamlenga.

Shangazi alimngojea amalize. "Umesema vema, baba yangu. Ndiwe unayesoma ualimu?"

"Nilikuwa nasoma," kaka akasema. "Nikaugua kichwa. Nilikuwa nasikia watu wasiokuwepo. Sasa nakaa na dada Uyole, yeye ndiye ananipa dawa, asubuhi moja, jioni mbili. Naendelea vizuri, ila nasahau." Akafikiri kidogo. "Leo wameniambia kuna jambo nisiseme. Sikumbuki ni lipi."

Mama alijifunika khanga usoni. Mimi sikuweza kukaa tena. Hasira zangu ambazo siku zote zinanitia matatani, siku ile sijui zilikuwa za nani, za mama, za baba, au zangu mwenyewe. Nilipiga magoti kwenye mkeka.

"Shangazi, tumekosa," nikasema. "Jambo asiloruhusiwa kusema ni hilo hilo alilosema. Na lipo jingine. Shangazi yake baba aliugua hivyo hivyo. Na mimi nasahau. Kazini nimeharibu mstari mzima wa mahindi. Nesi ameniambia iko kwenye damu. Mwambie mwanao yote, asije akasema alifichwa. Lakini kaka yangu simfichi tena, hata nikizeekea Uyole."

"Nina siku mbili hapa kijijini," shangazi akasema. "Nimelala kwa jamaa yangu kule juu, nimekunywa ulanzi na majirani zenu wote. Ya bibi yenu nimeyasikia. Ya kijana nimeyasikia, hata rangi ya vidonge vyake naijua. Sikuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Nilikuja kuona mgonjwa wenu anakaa wapi wageni wakija." Akainuka, akajifunga khanga yake vizuri. "Nikakuta kiti chake hakipo."

Akatuaga mmoja mmoja. Kwa kaka alisimama zaidi. Kisha akaondoka, na hakusema ndiyo wala hapana.

Nilirudi Uyole na kaka, na wiki tatu zikapita. Lori la mbolea likaja likiendeshwa na mtu mwingine. Nilivika mifuko, nikaandika, nikarudi kuhakikisha kama nimeandika. Siku ya vidonge nesi aliniona nimekonda, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza.

"Siku ile hukuningoja nimalize," akasema. "Nilikuwa nakwambia watu siyo mahindi. Na hata mahindi yenyewe, gunia moja la mbegu, panda nusu hapa Uyole, nusu peleka Usangu kule bondeni kwenye joto, utavuna kitu kimoja? Mbegu ni mbegu, na shamba nalo lina neno lake. Wewe ni msahaulifu. Wasahaulifu wamejaa, na mimi mmoja wao. Kaka yako angekuwa ameanguka zaidi ya hapa kama angekuwa amefungiwa ndani. Sasa nenda nyumbani ukale."

Nilikwenda nyumbani. Mlangoni kwangu nikakuta lori, na kwenye kivuli cha lori amekaa shangazi, anamenya karanga na kaka yangu. Walikuwa wameshajulishana mara mbili.

"Tumekuja kumalizia maulizo," akaniambia. "Mwenzako alitaka aje siku ile ile, nikamzuia, nikamwambia ngoja niwaze. Nimewaza. Mtu aliyesema mbele yangu yote aliyosema, sitamkuta kesho akinificha chungu kilichovunjika. Ila nina sharti. Siku ya harusi atakayesema salamu ya ukoo wenu na mwiko wenu siyo baba yako. Ni huyu hapa. Na atasemea kwenye kiti, mbele."

Yule bwana alikuwa amesimama upande wa pili wa lori, anajifanya anakagua tairi. Kaka alipomwona akamwendea kwa furaha, akampa mkono, akamuuliza jina lake na kwao ni wapi, naye akamjibu.

Kaka alisema mwiko siku ya harusi, kwenye kiti, mbele ya watu wa Kihesa wote, vizazi saba, na hakukosea hata kimoja. Akinamama walipiga vigelegele mpaka akashtuka akadhani amekosea. Sisi tukaanza maisha yetu, na yeye akaishi nasi. Watoto wakaja. Nikimtuma mmoja chumvi akarudi na vitunguu, moyo unaniruka kidogo, kisha namrudisha dukani na makelele juu.

Mwezi mmoja baada ya harusi, kaka alinikuta namenya viazi akaniuliza, "Dada, na wewe utaolewa lini?" Nilitaka kukasirika. Nikaweka kisu chini, nikamwambia nimeshaolewa. Alishangaa, akafurahi, akanishika mikono miwili, akataka nimwambie yote, nani alikuja, walikula nini. Nikamwambia. Baada ya majuma machache akauliza tena, akafurahi tena vile vile, mpya kabisa. Mimi nimeolewa mara moja, lakini kaka yangu amenifurahia harusi ile mara zisizohesabika, na kila mara anamalizia na swali moja.

"Na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyesema mwiko."

"Nilisema vizuri?"

"Ulisema vizuri, kaka. Hukusahau hata neno."